Spika ya Kulia

Kumb. Na. 7/MIRATHI/SPIKA
9 Septemba

Kwa Baba Mdogo,
Mwenyekiti, Kikao cha Mirathi ya Marehemu Kaka Yako

Shikamoo Baba Mdogo,

KUHUSU: WAZAZI WANGU KUTENGANISHWA NA KIKAO

Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi, miwani machoni, na goti lako bovu likiwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Mimi ni mzima wa mwili. Tatizo langu ni la masikio, na si masikio yangu peke yangu.

Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza kukusanya vipimo. Unajua kazi yangu ni kusoma mita za maji. Kwa miaka kumi na tisa nimeingia nyua za watu, nikafunua vifuniko, nikafukuza mijusi, nikasoma tarakimu na kuandika nilichokiona, si nilichoambiwa na mwenye nyumba. Ndivyo ninavyoandika pia daftari langu la kila siku. Kila ninalolitaja hapa chini lina tarehe yake. Atakayebisha nitamfungulia ukurasa.

Daftari, tarehe 16 Januari, saa tisa alasiri: Kikao kiliketi sebuleni kwa marehemu Baba. Kabati, baiskeli, cherehani na saa ya ukutani viligawanywa bila mtu kuinua sauti. Ikabaki redio.

Nasema redio kwa mazoea tu. Kile ni chombo cha ghorofa tatu: juu santuri, katikati redio yenye kioo kinachowaka rangi ya asali, chini kinasa sauti cha kaseti. Kina vitufe kumi na tano. Kina mita mbili ndogo zenye mishale, moja ya sauti ya kushoto na nyingine ya sauti ya kulia, na mishale hiyo hucheza kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Kina matundu mawili ya maiki. Kina spika mbili, kila moja inamfika mtu gotini. Ubora wake wote, kama Baba alivyokuwa akiwaeleza wageni kabla hawajapewa hata kiti, ni kwamba sauti husafiri kwa njia mbili zisizoingiliana: ya kushoto haivuki kulia, ya kulia haivuki kushoto. “Kila mmoja na njia yake,” alikuwa akisema, “ndiyo maana hazigongani.”

Mimi niliitaka. Dada naye aliitaka. Tulitupiana maneno ambayo yako ukurasa wa 11 na sitayarudia, ila lile la kwamba mimi ni kitinda mimba na makombo ndiyo haki yangu lilinichoma. Ndipo wewe Baba Mdogo ukavua kiatu, ukagonga meza nacho mara tatu, ukasema: “Kitu chenye viwili hugawanywa kwa wawili. Spika ni mbili, na nyinyi ni wawili. Mnataka mtumiwe malaika? Kikao kimefungwa, chai iletwe.”

Chai ililetwa. Mimi nikapata chombo chenyewe na spika ya kulia. Dada, ambaye tayari alikuwa na saa ya ukutani, akapata spika ya kushoto. Mama, ambaye hakuulizwa, akaja kukaa kwangu. Tangu chai ile hadi leo mimi na Dada, ambao nyumba zetu zinatazamana na kutenganishwa na barabara tu, hatujasalimiana. Tukikutana dukani kila mtu anamsalimia muuza duka, naye anapokea salamu mbili na kuzirudisha moja moja.

Sasa naorodhesha malalamiko.

LALAMIKO LA KWANZA. Katibu wa Kikao aliandika katika kumbukumbu zake: “Mdogo apewe spika ya kulia.” Hakuandika “ya upande wa kulia”. Shangazi alizisoma kumbukumbu hizo kwa majirani, kwa sauti yake ile, na mtaa mzima sasa unaamini kwamba marehemu aliacha spika mbili: moja ya kawaida, na moja ya kulia. Tarehe 2 Februari alikuja mwashi wa nyumba ya kona, kafiwa na babu yake, akaniomba kwa adabu spika ya kulia akaiweke msibani. Nilimweleza kuhusu pande mbili za sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nimekuelewa, kaka, lakini tutaitunza. Tutalia nayo siku mbili tu.” Tangu hapo imeombwa kwa misiba sita. Tarehe 20 Mei jirani mmoja aliuliza kama inafaa pia kwa kulia chakula, maana anatarajia wageni na vijiko vyake havitoshi. Naomba kumbukumbu zisahihishwe.

LALAMIKO LA PILI. Dada alipokuja kuchukua spika yake hakuichomoa, aliivuta. Plagi ya waya ikavunjika, na pini yake imebaki ndani ya tundu la kushoto nyuma ya chombo, imekwama kama mfupa kooni. Nimejaribu kibano cha nyusi cha Mama, nimejaribu sumaku, nimejaribu sindano mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Haitoki. Kwa hiyo hata nikiazima spika nyingine, haina pa kuingia. Kuna gurudumu dogo la kusukumia sauti upande mmoja au mwingine. Nikilizungusha lote kulia, Mama anasikika. Nikilizungusha lote kushoto, nyumba inanyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu.

LALAMIKO LA TATU. Nyimbo zimebaki nusu. Katika santuri za Baba, mwimbaji mkuu anakaa kushoto na waitikiaji wanakaa kulia. Kwa miezi karibu minane sijasikia swali hata moja la mapenzi, nasikia majibu. “Hapana, mpenzi.” “Kweli kabisa.” “Nitarudi.” Nani kaenda wapi, sijui. Na jambo hili limeanza kuniingia mwilini. Tarehe 11 Aprili nilikuwa nimeinama nasoma mita uani kwa fundi cherehani, akasema tu, kama watu wanavyosema, “Maisha magumu siku hizi.” Nikamwitikia “Oo, kweli kabisa,” kwa sauti ya pili, na kumalizia kwa kuivuta. Nahofia kazi yangu.

LALAMIKO LA NNE. Lalamiko hili nilikuwa nimeliandika kwa hasira, na lilimhusu Dada. Nimelifuta. Nambari yake naiacha ili utaratibu usivurugike.

LALAMIKO LA TANO. Hapa ndipo penye uzito, Baba Mdogo, na naomba usipokee simu mpaka umalize.

Baba alikuwa na mchezo wake. Alichomeka maiki mbili. Moja aliiweka mezani sebuleni, mbele yake. Nyingine ilikuwa na waya mrefu. Aliupitisha dirishani na kuitundika jikoni kwa Mama, kwenye msumari wa chujio. Kisha alibonyeza kitufe cha kunasa, na wakazungumza, yeye sebuleni na Mama jikoni, bila mtu kuacha kazi yake. Baba njia ya kushoto, Mama njia ya kulia. Zipo kaseti nne. Ya mwisho, aliyoiandika kwa mkono wake “Sebule na Jiko, 4”, ilinaswa wiki tatu kabla hajafa.

Sauti ya Baba haiko popote pengine duniani ila katika kaseti hizo. Na iko upande wa kushoto.

Huwa naiweka saa kumi alasiri, nikitoka kazini. Kinachotoka kwenye spika yangu ni sufuria, kifuniko, maji ya bomba na Mama. Anayejibiwa hasikiki. Lakini mshale wake unaonekana. Mama akinyamaza, mshale wa kushoto unaamka, unapanda, unatetemeka kidogo, unashuka. Ni Baba huyo anasema. Namwona anasema na sisikii neno.

Mtu mwingine angekaa chini alie. Mimi nilifanya kazi ninayoijua, nikaisoma mita. Vipimo vya kaseti ya nne ni hivi, kama vilivyo daftarini, tarehe 3 Julai:

Mshale wa Baba: nne, kwa sekunde mbili. Mama: “Nasikia.”
Mshale: tatu, sekunde moja. Mama: “Hayajaiva.”
Mshale: tano, sekunde kumi. Mama: “Wewe nawe! Watoto wangu?”
Mshale: tisa, umegusa wekundu. Mama: “Thubutu! Labda wa kwako, si wangu.”
Mshale: mbili, sekunde tisa, ila katikati uliruka mara moja hadi sita. Kifuniko kilirudishwa juu ya sufuria. Kisha Mama: “Basi mpe yeye.”
Mshale: nane, sekunde mbili.
Mama anacheka. Sekunde kumi na nne. Kijiko kinaanguka.
Mshale: moja. Mama: “Zima hiyo, njoo ule.”

Unaona mwenyewe kwamba huo ni wosia. Mzee anazungumzia watoto, anapandisha sauti, kisha anaishusha hadi mbili, kama mtu anayesema jambo la mwisho, na Mama anamruhusu: “Basi mpe yeye.” Swali lililobaki ni moja tu, yeye nani? “Yeye” wa Mama hana jinsia wala umri. Anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa Dada, anaweza kuwa mtu yeyote mwenye mwili. Hii ni kasoro ya lugha, na sijui inalalamikiwa wapi.

Sikuridhika kukisia. Tarehe 5 Julai nilikaa kwenye kiti cha Baba, nikaiweka maiki ya kushoto pale alipoiweka, nikakohoa kwanza kama alivyokuwa akikohoa, nikasema: “Kijana wetu.” Mshale ulifika sita. Nikasema: “Binti yetu.” Mshale ulifika tano na nusu. Nilirudia mara ishirini. Kwa vipimo hivyo ni dhahiri kwamba Baba, pale mshale uliporuka hadi sita, alisema “kijana wetu”, na chombo chote ni changu, spika zote mbili.

Mama alivuka barabara na habari hizo. Mama huvuka barabara kila siku na habari, kwenda na kurudi, na hatoi risiti. Dada alikuwa anafagia uwanja wake. Hakuniambia mimi, aliuambia ufagio, lakini kwa sauti ya kufika kwangu: “Mwambieni Bwana Mita, hata akisema ‘kuku wetu’ itafika sita!”

Nilijaribu. Ilifika sita. Nimeliandika, kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha vipimo. Lakini Baba hakuwa na kuku.

LALAMIKO LA SITA. Kikao hakikumpima Mama masikio. Sikio lake la kulia lilikufa zamani, linalosikia ni la kushoto. Kwa hiyo mlimpa mtu asiyesikia kulia spika ya kulia. Ilinibidi nimgeuzie kiti mpaka sikio zima lielekee kwenye spika, na matokeo yake Mama anakaa alasiri nzima akitazama ukuta na kalenda ya mwaka jana. Halafu ananiuliza, “Huyu mwanamke anaongea peke yake tangu mchana. Mumewe yuko wapi?”

Namwambia, “Ni wewe huyo, Mama.”

“Najua ni mimi. Nauliza yeye yuko wapi.”

Swali hilo linaulizwa nyumbani kwangu kila siku saa kumi na robo. Nadhani Mwenyekiti ndiye anayepaswa kulijibu.

Mama anaamini kwamba sauti ikiongezwa Baba atasikika. Nimeongeza mpaka namba nane. Zaidi ya hapo siwezi. Kipo kitufe cha kumi na moja, kimeandikwa MNO. Herufi zake zimelika kwa dole gumba la marehemu, inaonekana alikibonyeza sana enzi za nguvu zake, lakini bado zinasomeka: M, kisha uwazi kidogo, kisha N na O. Sijakigusa. Fikiria, Baba Mdogo: vile vitufe vingine kumi na vinne vimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Mtengenezaji alipofika kwenye hiki kimoja aliona hatari yake ni kubwa kiasi kwamba akatafuta mtu wa kumwandikia Kiswahili. Sauti kubwa inavumilika. Ikiwa kubwa mno, spika pekee niliyo nayo itapasuka, na hapo nitampoteza na Mama. Nimekibandika plasta na kuandika juu yake HAIRUHUSIWI.

LALAMIKO LA SABA, ambalo ndilo limebeba kichwa cha barua hii.

Wazazi wangu waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Katika miaka hiyo waligombania jambo moja tu, dirisha la sebule: Baba alilitaka wazi, Mama alilitaka limefungwa. Kifo chenyewe hakikuwatenganisha, kwa sababu walikuwa wamelala pamoja juu ya utepe mmoja, upana wake hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Kilichowatenganisha ni Kikao chako. Mama yuko upande huu wa barabara, anajibu. Baba yuko upande ule, ndani ya sanduku lisilo na umeme, na juu yake amewekewa chungu cha maua. Nimeona kwa macho yangu kupitia dirishani. Maua yakimwagiliwa, maji yanamchuruzikia.

Hii ni talaka, Baba Mdogo. Haikuombwa na mume wala mke, haina shahidi wala sababu, na imetolewa kwa kiatu.

Tarehe 14 Agosti nilimtuma Mama akamwombe Dada spika kwa saa moja tu, hata kama haina pa kuchomekwa, ikae mahali pake tuone kama kuna tofauti. Alirudi na jibu: “Anasema, hata isipoimba ni yake. Akiitazama anamwona Baba amekaa pale.” Siku hiyo sikuandika kitu kingine daftarini.

Kwa sababu hizo, naleta maombi yafuatayo, kwa mpangilio wa uwezekano.

Kwanza, Kikao kitangaze kwamba mgawanyo wa 16 Januari ni batili na kiwarudishe wazazi wangu katika ndoa yao.

Hilo likishindikana, barabara kati ya nyumba yangu na ya Dada ifungwe kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu. Nimeipima, ni mita kumi na mbili. Ukuta wa mbele wa nyumba ya Dada utobolewe kwa kipimo cha spika, na ukuta wangu pia, mimi sina ubaguzi. Mama atawekwa kwenye kiti katikati ya barabara, ambapo ndipo haki ilipo.

Hilo nalo likishindikana, nakuomba wewe mwenyewe. Watu wote wanasema una sauti ya marehemu, na kwenye mazishi wawili walizimia uliposimama kushukuru. Uwe unakuja kwangu kila alasiri, ukae kushoto kwa chombo, na kusema maneno ya Baba kwa kufuata mshale. Maneno nitayatunga mimi. Mshale ukipanda nitakuonyesha kwa fimbo, ukishuka nitaishusha fimbo. Ile tisa itabidi upige kelele, kwa hiyo mwambie daktari mapema.

Na kama Kikao kitakataa yote matatu, basi, kwa heshima zangu zote, naomba kanuni ya Mwenyekiti itumike bila upendeleo. Kitu chenye viwili hugawanywa kwa wawili. Miwani yako ina vioo viwili na una watoto wawili. Mkasi wa Shangazi una makali mawili. Nina wasiwasi mkubwa na suruali za ukoo huu.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku kumi na nne. Nisalimie Mama Mdogo na umwambie dawa ya mende aliyonipa imefanya kazi. Nisalimie wajumbe wote wa Kikao, Katibu pamoja na kalamu yake, Shangazi kwa sauti ya chini, daktari wa goti, na yeyote atakayeuliza niko wapi. Mwambieni nipo, upande wa kulia.

Ni mimi mwanao,
mwenye nusu ya kila kitu,

Msoma Mita

Nakala: Dada (kwa mkono wa Mama)
Daftari

Nyongeza, 10 Septemba, saa kumi na moja na nusu jioni

Baba Mdogo, barua hii ilikuwa imeshafungwa na gundi imekauka. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu, kama nilivyosema, mimi si mtu wa kuficha vipimo.

Leo nilichelewa, mita ya shule inavuja. Nilipofika nje ya nyumba yangu nikaona dirisha la sebule liko wazi, na ndani nasikia sauti ya mwanamume. Nikashika vizuri chuma changu cha kufunulia vifuniko, nikaingia. Hapakuwa na mtu ila Mama. Kiti amekigeuza mwenyewe, mgongo kwa kalenda. Plasta yangu iko sakafuni.

“Nimechoka na visauti vyako,” akaniambia. “Nimebonyeza hicho chako cha mno.”

Sauti haikuongezeka. Aliyeongezeka ni Baba.

Mama alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto jinsi ya kufunga kamba za viatu. “Hicho ni cha kutuchanganya. Spika moja ikianza kukohoa, baba yako alikuwa anakibonyeza, sote wawili tunapita kwenye ile nzima. Ulidhani ni cha nini?” Nilichukua lenzi yangu ya kusomea tarakimu hafifu. Katika ule uwazi kati ya M na N kuna duara, limelika kwa kidole, limebaki kama alama ya kikombe mezani. Si MNO. Ni MONO. Nimempigia fundi redio, anasema maana yake ni njia moja. Akaniuliza nani asiyejua hilo.

Tukairudisha kaseti mwanzo.

“Mama Wawili! Unanisikia huko?”

“Nasikia,” akajibu Mama wa kaseti, na Mama wa kitini akajibu naye, wakati mmoja.

“Maharage vipi?”

“Hayajaiva.” Safari hii Mama wa kitini alitangulia.

Hapo mlango ulikuwa umeshajaa. Dada alikuwa amesimama na ufagio mkononi, ndara mguu mmoja, nyingine iko katikati ya barabara. Alikuwa ameisikia sauti kupitia dirishani.

“Ni Baba?” akaniuliza. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu 16 Januari.

“Ni Baba,” nikamjibu. Nimeliandika.

“Sikiliza,” Baba akasema. “Siku nikifumba macho, hawa wawili watagawana redio hii. Mmoja atabeba spika ya huku, mwingine atabeba ya kule, mimi na wewe tutabaki tunaitana.”

“Wewe nawe! Watoto wangu?”

“Hao hao! Na yule mdogo ataandika barua!”

Dada alinitazama. Nikaitazama barua yako, ilikuwa juu ya meza, ina stempu.

“Thubutu! Labda wa kwako, si wangu.”

Kisha ile mbili, kwa sauti ya chini: “Nawaza nimpe tu mtu mwingine aitunze.” Hapo mshale unaruka hadi sita. “Mdogo wangu! Hana sikio la muziki, lakini hana wa kugombana naye.”

“Basi mpe yeye.”

“Yule? Ataigonga kwa kiatu!”

Kicheko cha Mama ni sekunde kumi na nne, kama nilivyopima. Cha kwetu watatu sikukipima.

Kwa hiyo “yeye” ni wewe, Baba Mdogo. Kwa neno la marehemu chombo ni chako, na kwa neno la marehemu huyo huyo hukifai. Naondoa malalamiko yangu yote saba, pamoja na lile nililolifuta, isipokuwa la kwanza, kwa sababu asubuhi ya leo spika imeombwa tena kwa msiba. Maombi nayo nayaondoa, yaani ukuta, barabara, fimbo na suruali. Dada amevuka kuleta spika ya kushoto, na chungu cha maua juu yake. Haina kazi yoyote sasa, haina hata pa kuchomekwa, lakini imekaa mahali pake, na Mama ameipangusa maji.

Kikao kisiitishwe. Ila Mama anasema uje kesho alasiri na Mama Mdogo, uvae kiatu laini. Ameniagiza nimalizie kwa maneno mawili, na anasema sauti ya kuyasomea unaijua:

Njoo ule.